Simu haijaua ushairi, muulizeni opareta

Mhariri, salaam aleikum na pole na kazi.

Barua yangu ni ndefu, najua, ukiona yakulemea kata pale mwanzo lakini huku mwisho niachie maana ndiko nilikokusudia kufika.

Nimesoma barua ya yule msomaji wenu wa majuzi aliyesema ati simu ndizo zilizoua ushairi wa Kiswahili, vijana wameinamisha shingo siku kutwa kama kuku mwenye mdondo na hakuna hata mmoja anayejua tarbia ina mishororo mingapi. Nikamsomea mjukuu wangu akacheka. Mimi sikucheka kwa sababu mimi nimekula mkate wa simu miaka 27, opareta, niliingia 1972 tukiwa bado twachomeka plagi kwenye switchibodi na hedseti zatubana masikio mpaka zinatoka alama, nikatoka 1999 walipoanza kutupunguza, kwa hivyo mtu akiitukana simu mbele yangu ni kama amemtukana mtu wa nyumbani kwangu. Ushairi wa Kiswahili kabla haujaingia gazetini ulikuwa zaidi ni mdomo na sikio. Na simu ni nini kama si mdomo na sikio? Hebu nimwambie ndugu yetu huyo kisa cha mtu mmoja, asikilize, halafu akasirike akitaka.

Mwaka 2017 nilikwenda New York. Sikwenda kutalii, nilikwenda kumkanda binti yangu aliyekuwa amejifungua, na wajua mzazi wa kwetu akiwa ugenini hapati wa kumchemshia maji wala wa kumfunga tumbo, basi nilikaa ndani siku arobaini zangu zote naangalia ukuta na mtoto, na zilipoisha binti akanambia mama leo twatoka ukapate upepo. Upepo wenyewe wa moto, ilikuwa Julai. Tukawa twatembea, mara akapita msichana juu ya viatu vya magurudumu, mbio, akanitia karatasi mkononi bila hata kusimama, mimi nikadhani ni tangazo la dawa za nguvu kama zile tupewazo pale feri Likoni. Kumbe shairi! Nikamuuliza binti huyu akauza nini, akasema hauzi kitu, wanagawa tu, kuna maonyesho mji mzima ya mshairi mmoja mzee anaitwa John Giorno, kumbi kama 13 hivi zote zamwonyesha yeye, na aliyeyaandaa ni mume wake, msanii wa Uswisi, Ugo Rondinone. Nikasema mume wake nani? Akasema mume wake, mama. Nikanyamaza. Tukaingia.

Mle ndani kulikuwa na picha kubwa kubwa za maneno, maneno matupu rangi za upinde wa mvua, na video, na makaratasi ya maisha yake yote, lakini mimi macho yangu yaligota kwenye kitu kimoja tu, simu ya mezani. Ya zamani, ile yenye uzito wa kumpigia mwizi. Mkono wa opareta haungoji ruhusa, nikainua, nikasikia mtu anasoma shairi. Si muziki wa kungojea, si yule mwanamke wa "mteja unayempigia hapatikani", ni mtu na pumzi zake, wasikia kabisa anavyomeza mate. Kingereza changu ni cha kazini, cha "hold on please", nusu ya maneno yalinipita. Lakini nilisimama pale hadi likaisha, nikaweka, nikainua tena, likaja jingine la mtu mwingine. Binti akaanza kunivuta mkono.

Basi nikarudi nyumbani nikasoma habari za huyo Giorno, na nimeendelea kusoma hadi leo, mjukuu hunitafutia kwenye intaneti na mimi naandika kwenye daftari, ndo maana nakuletea.

Huyu bwana alizaliwa New York mwaka 1936, akamaliza chuo cha Columbia 1958, akawa dalali wa hisa Wall Street, kazi ya tai na viatu vya kung'aa. Lakini alikuwa akitunga, na alikuwa akitembea na wasanii, akawa mpenzi wake Andy Warhol yule mchoraji, na Warhol mwaka 1963 akampiga filamu akiwa amelala. Amelala tu! Filamu saa tano na dakika ishirini ya mtu anapumua. Mimi nafikiri dakika ya kumi ningekuwa nakoroma kumshinda yeye, lakini ndivyo jina lake lilivyoanza kusikika, na watu wengi hadi leo wamjua kwa usingizi wake kuliko kwa kazi yake, jambo ambalo kwangu ni uonevu, maana kazi aliyoifanya akiwa macho ndo kubwa.

Alikuwa ameona hivi, wachoraji na wanamuziki wa wakati wake wajaribu kila kitu kipya, na washairi bado wamekaa na vitabu vyembamba vinavyosomwa na washairi wenzao. Mwaka 1965 akaanzisha shirika lake, Giorno Poetry Systems, la kulitoa shairi kwenye karatasi na kulitia popote palipo na watu. Santuri, redio, maneno juu ya fulana, yote hayo. Alishirikiana na Robert Moog, yule fundi wa sinthesaiza, kinanda cha umeme, wakawa wafanya shughuli za usiku ambapo shairi lasomwa kwa sauti iliyopotolewa na mitambo na taa zabadilika rangi na harufu zafukizwa ukumbini. Wazungu waliona ni maajabu. Sisi shairi la harusini siku zote huja na udi na marashi na taarabu nyuma yake na hakuna aliyetupa cheo cha kuwa wasanii wa kisasa, lakini hayo tuyawache.

Sasa simu. Mwaka 1968 alikuwa akiongea na mtu kwenye simu, maongezi yenyewe yamchosha, umbea tu, akawaza: hii sauti ndiyo mshairi, haya maneno ndiyo shairi, na hii simu ndiyo ukumbi. Mimi nilipolisoma hilo niliweka daftari chini nikaenda kunywa maji. Miaka 27 nimekaa ndani ya huo ukumbi na sikujua kama ni ukumbi.

Akaiita Dial-A-Poem, yaani piga simu upate shairi. Akachukua laini 10 za simu, kila laini kaifunga kwenye mashine ya kujibu simu, kila mashine na shairi lake limerekodiwa na mshairi mwenyewe kwa sauti yake, na namba moja tu ya kupiga. Wapiga, wapata shairi, hujui la nani, na mashairi yabadilishwa kila siku. Mwanzoni mwa 1969 ilikuwa imeshika moto, magazeti yakaiandika, na miezi hiyo ya mwanzo zikaingia simu zaidi ya milioni moja. Nilipoona hiyo namba nikachukua kalamu, maana mtu anaweza kumdanganya mhariri lakini si opareta. Simu milioni kwa laini 10 ni simu laki moja kila laini, kila shairi tuseme dakika mbili, hizo ni dakika laki mbili, gawa upate siku 139 hivi usiku na mchana laini haijapumua hata sekunde. Kwa hivyo ama mashairi yalikuwa mafupi au wengi walikuwa wanakata kabla ya mwisho, na mimi naamini yote mawili, na wengine wasiohesabika walikuwa wapata "tuu tuu tuu" tu na kurudia. Hebu fikiria mtu anarudia kupiga kwa sababu shairi liko bize.

Na saa za kupiga! Hapo ndipo nilipomwamini kabisa, kwa sababu alizieleza kama opareta mwenzangu. Alisema msongamano mkubwa ulikuwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, yaani watu wa maofisini, wamekaa mezani kwa tajiri na simu ya tajiri wasikiliza mashairi. Halafu saa mbili na nusu usiku hadi tano na nusu, watu wameshakula. Halafu saa nane za usiku hadi kumi na mbili alfajiri, wanaopiga kutoka California kwenye saa zao, na wasiopata usingizi, na waliolewa vitu vyao. Kila eksichenji, kituo cha kuunganishia simu, duniani ina watu wa saa nane. Sisi tulikuwa nao, twawajua kwa sauti, mwengine anataka kujua saa ngapi tu, mwengine anaomba namba ambayo yeye mwenyewe ajua haipo, ilimradi kuna mtu ameitika.

Walioweka sauti zao mle ni washairi na wasanii kina Allen Ginsberg, William Burroughs, Anne Waldman, Diane di Prima, John Cage, na walikuwemo pia Black Panthers, wale wapigania haki za watu weusi, kina Bobby Seale, maana ilikuwa ni wakati wa vita vya Vietnam na mji unawaka. Na mengine yalikuwa ya mapenzi, tena mapenzi bila shuka. Watoto wakapiga. Wazazi wakalalamika, idara ya elimu ikaisukuma kampuni ya simu, kampuni ikakata laini. Baraza la sanaa la jimbo likatoa mawakili, kampuni ikaogopa kesi, laini zikarudi saa hiyo hiyo. Mwaka 1970 jumba la sanaa la MoMA likamwita akaiweka mle kwenye maonyesho yao, ikawa kelele upya, ati wapiga namba ya jumba la matajiri kina Rockefeller na wafundishwa kutengeneza bomu. Lakini kilichoifunga ile ya mwanzo, baada ya ugomvi wote huo wa mawakili, ilikuwa bili. Pesa za kuiendesha zilikatwa, bili ya simu ikashindikana, basi. Nilicheka peke yangu, maana nimeona mapenzi mangapi, biashara ngapi, ndoa ngapi zimekatika vivyo hivyo.

Kwa kutunga kwake nitasema ukweli, wale wakongwe wa vina na mizani hamtampenda. Hana vina hata kimoja. Ila ana takriri, mpaka takriri yenyewe yakutia kizunguzungu, mstari ausema, aukata, aurudia umepungua neno, aurudia tena, na kwenye karatasi aliupanga safu mbili kama mtu na mwangwi wake wasimama ubavu kwa ubavu. Zamani akiimba jukwaani alikuwa na tepu zinazorudia sauti yake nyuma yake, baadaye akaziacha, akawa ahifadhi kila kitu kichwani, asimama bila karatasi, avuta pumzi kutoka chini ya kitovu, jasho lamtoka, mzee wa miaka sabini na kitu apiga kelele kama mwana wa ishirini. Nimemwona kwenye video. Shairi lake moja alilitunga alipotimia miaka 70, lawashukuru watu wote waliomtenda na wasiomtenda kitu, ukilisikia hujui kama ashukuru ama atukana. Mtu wa ngonjera angemwelewa upesi. Na yule anayesema shairi bila vina si shairi, huo ugomvi tumeugombana tangu miaka ya sabini kwenye magazeti haya haya na hakuna aliyeshinda, sitauanza.

Sasa najua kuna msomaji ameshashika kalamu kuniuliza, mama, mwanamume ana mume, wewe bibi wa Mji wa Kale watuletea hayo gazetini? Ndiyo nawaletea. Alikuwa shoga, na neno hilo mimi halinichomi mdomo, wanawake wa Pwani twaitana shoga kutwa. Na yeye hakulificha hata siku moja, katikati ya miaka ya sitini alishachapisha shairi la mapenzi ya wanaume na wanaume waziwazi, na wakati huo jimbo la New York sheria yao ilikuwa yalihesabu jambo lenyewe ni jinai, mahakama yao ya juu haikuiondoa mpaka 1980. Washairi wakubwa waliomzunguka wengi walikuwa kama yeye na wengine walijikunja, wachoraji ndo zaidi, waliogopa soko. Yeye alisema wazi halafu akaendelea kufanya kazi miaka 50 na ushee. Simsifu kwa kuwa shoga wala simshutumu, hilo ni lake na Mola wake, lakini ukimkata hapo ukasema nipe ushairi, hayo mengine yawache, hupati kitu, maana sauti ni ile ile moja. Sauti haikatwi vipande, muulize aliyewahi kusikiliza laini mbovu.

Na kuna hili la ukimwi. Marafiki zake wakawa wafa, miaka ya themanini, na serikali yao imegeuza uso. Mwaka 1984 akafungua mfuko ndani ya shirika lake, pesa za mauzo ya santuri na michango akawa awapa wagonjwa mkononi, pesa taslimu, bila fomu nyingi. Kodi ya nyumba iliyolimbikizwa, stima, chakula, teksi ya hospitali. Na bili ya simu, imetajwa kabisa. Wengine watasema mgonjwa wa kufa simu ya nini. Aliyekuwa opareta hawezi kuuliza swali hilo. Sisi hapa miaka ya tisini nimeunganisha simu za hospitali kuu kwenda bara, wajua kwa sauti ya anayepiga kwamba akitoka hapo hapigi tena, na dakika tatu zikiisha ni wewe uliye na kidole juu ya ufunguo. Sikuwahi kukata haraka. Mkubwa wangu akiisoma hii naomba radhi, pesa zile za dakika za nyongeza nilizila mimi kwa niaba ya marehemu.

Aliishi jengo moja tangu miaka ya sitini, namba 222 mtaa wa Bowery, lilikuwa zamani jumba la YMCA, chini yake alikaa Burroughs kwenye chumba kisicho na dirisha wakakiita handaki. Aligeuka Mbudha wa Kitibeti baada ya kwenda India 1971 na kila mwaka mpya wao alikuwa awakaribisha watu nyumbani kwenye ibada. Alikufa hapo hapo nyumbani Oktoba 2019, miaka 82, na kitabu cha maisha yake kikatoka mwaka uliofuata.

Haya, sasa nafika nilikokuwa naenda.

Kwenye eksichenji yetu kulikuwa na kijana, simtaji jina, ana watu wake. Zamu ya usiku alikuwa ni yeye na mimi na mwengine wa tatu ambaye kazi yake ilikuwa kulala. Baada ya saa saba laini hunyamaza, ubao wote giza, taa moja moja hivi. Alikuwa afungua laini ya Lamu, kule kuna opareta mzee akipenda mashairi, na Malindi wakajiunga, na siku nyingine mtu wa Voi, wote masikio wazi, na huyu kijana awasomea. Asubuhi zamu ikibadilishwa watu wa Malindi waliuliza "ile ya jana umeimaliza?" Mashairi yake mengine yalitoka kwenye magazeti kwa jina la kubuni, ukurasa wa ushairi, nafikiri hata lenu. Mengi ya mapenzi. Ya kusubiri mtu. Ya ndege aliyeona tundu li wazi na hakuingia.

Na nikwambie kitu kuhusu lugha hii yetu mwanangu mhariri, lugha hii ni stara. Mpenzi ni mpenzi. Yeye ni yeye. "Amenijia, akanitazama, akaondoka" hujui ni Saidi ama Saida. Huyo Giorno na Kingereza chake ilibidi achague, mwanamume ama mwanamke, kila mstari, na alipochagua alikuwa ameshasema. Mwenzetu hakulazimika kuchagua, beti mia na hakuna aliyemuuliza, watu walimpigia makofi na kumwambia umtafute baba yake binti huyo upeleke posa. Yeye acheka. Mimi niliyekuwa nakaa naye mpaka alfajiri nilikuwa na wazo langu, kwa sababu kuna namba moja ya Nairobi aliyokuwa aiunganisha mwenyewe, kila Ijumaa saa nane, na hakunipa kuiunganisha hata akiwa anakula. Sikumuuliza. Na sasa hivi naona pengine ningemuuliza, si kwa umbea, kwa kumpunguzia. Alikufa 1994. Mapafu, walisema.

Mashairi yake ninayo kama saba, vipande vya magazeti vimekuwa rangi ya chai. Sauti yake sina. Usiku mzima tulikuwa tumezungukwa na mitambo ya sauti, waya za kwenda dunia nzima, na hakuna aliyeleta hata redio kaseti ya kurekodi. Hata mmoja. Nikisoma vile vipande najaribu kuisikia, na naisikia vizuri beti ya kwanza, ya pili yaanza kuwa sauti yangu mimi.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Gazeti lenu lina ukurasa wa mashairi, mashallah, na lina watunzi ambao wengine sasa wameshapita miaka 70, nawajua kwa majina yao ya kubuni tangu ujanani mwangu. Wapigieni simu. Mrekodini kila mtu anasoma lake, kwa lafudhi yake, wa Pemba kwa yake, wa Mvita kwa yake, wa Bukavu pia kama wamo, na kikohozi chake msikikate. Halafu wekeni namba. Namba ya kawaida ya kupiga, si mambo ya kupakua hiki na kufungua akaunti na neno la siri, mtu apige tu apokee shairi, aliyeko shambani na simu ya tochi apate, nyanya asiyeona vizuri kusoma gazeti apate, na yule wa saa nane za usiku naye apate. Vijana hawa wanaotukanwa kila siku watumiana sauti kwenye wosapu dakika tano tano, hawaogopi sauti hata kidogo, wanaoogopa ni sisi. Siku hizi mashine 10 hazihitajiki, mjukuu wangu aniambia kompyuta moja ndogo yatosha na hata sio mpya, na yuko tayari kuja ofisini kwenu kuwaonyesha, ila mumpe nauli.

Bili najua mtaniuliza. Giorno ilimfunga, itawafunga na nyinyi msipoangalia. Lakini sisi waopareta wastaafu tuko, tuna chama chetu cha kuzikana na cha chai kila mwezi, nimeshawagusia wenzangu wawili watatu na hakuna aliyekataa, mmoja amesema atatoa ikiwa atapewa kuwa yeye ndiye anayesema "subiri kidogo, nakuunganisha" kabla ya shairi kuanza. Ana sauti nzuri bado, sabini na sita. Msimnyime.

Na vipande vyangu saba nitavileta kwa mkono. Posta siiamini na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa Posta na Simu.

Bi. Opareta (mstaafu),
Kuze, Mombasa